Somo la Kuandika: Kumbukumbu na Hadithi

Muhula huu darasa la wakubwa linaandika ukurasa mmoja kila wiki. Wengi mmeniuliza, "Mwalimu, tuandike ya kweli au ya kutunga?" Andikeni yote mawili, lakini tujue kwanza masharti yake.

Kumbukumbu ni jambo lililotokea. Msomaji anakuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa hiyo usitie chumvi. Hadithi ni ya kubuni. Msomaji anajua umetunga. Anachotaka ni kuona kwamba jambo hilo lingeweza kutokea.

Mtazameni Adam Shafi wa Zanzibar. Katika Mbali na Nyumbani anasimulia safari yake mwenyewe ya ujanani. Lakini Haini, iliyotoka mwaka 2003, ni riwaya. Adam Shafi aliwahi kufungwa baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na riwaya hiyo imechota kutoka maisha ya gerezani. Hata hivyo mfungwa wa kitabuni anaitwa Hamza, si Adam.

Sasa tujaribu sisi. Hii ni kumbukumbu:

"Mama alifika Heathrow mwezi wa Januari amevaa ndara. Alipotoka nje, baridi ikampiga. Akafungua begi, akatoa kanga mbili, akajitanda zote."

Angalieni vitenzi. Tunaanza na -li-, kisha -ka- inaendesha habari. Wengi wenu huandika "alifungua, halafu alitoa, halafu alijitanda." Futeni "halafu" hizo, -ka- inatosha. Na kama jambo lilikuwa la kila siku, andika "Bibi alikuwa akiamka alfajiri." Ukisema "Bibi aliamka alfajiri," msomaji ataelewa siku moja tu.

Angalieni pia kwamba sikuandika Mama alikuwa mgeni wa baridi. Ndara zimeshasema.

Sasa tuigeuze kuwa hadithi:

"Zuhura alifungua begi kutafuta kanga. Akakuta barua yenye jina la mtu asiyemjua."

Baridi na kanga ni za kweli, barua nimeitunga. Hapo msomaji atataka kujua barua ni ya nani, na wewe una kazi ya kumjibu.

Jambo moja zito. Mimi ni muuguzi, na habari za mgonjwa hazitoki wodini. Nyumbani pia kuna siri: ugonjwa, talaka, vibali vya kuishi hapa Uingereza. Waswahili wa mji huu ni wachache na tunajuana. Ukibadilisha jina la shangazi ukaacha kazi yake, mtaa wake na watoto wake wanne, kila mtu atamtambua. Ukiandika kumbukumbu, msomee mwenyewe kwanza. Akisema hapana, basi iwe hapana. Ukiandika hadithi, badilisha umri, kazi na mji, si jina peke yake.

Lakini woga huo usiwafanye mkae kimya. Wodini nimeona wajukuu wakikaa kando ya kitanda cha mzee, wanataka kumwuliza mengi, lugha ikawaishia kwenye "shikamoo." Ulizeni sasa, wazee wakiwa na nguvu.

Zoezi la wiki hii

1. Muulize mzee mmoja swali dogo. Usimwambie "nisimulie maisha yako," atachoka. Uliza, "Siku ya kwanza ulipofika huku, ulikula nini?"

2. Andika jibu lake kwa mistari kumi. Acha maneno yake yalivyo. Kama anasema ndara, usimwandikie kandambili.

3. Msomee. Atakapokusahihisha, rekebisha.

4. Chukua kitu kimoja kutoka humo, mpe mtu wa kubuni, uandike mistari kumi mingine.

Wazazi, tafadhali msiwaandikie. Makosa ya tahajia tutayasahihisha pamoja Jumamosi.