Kundi la chama: nani aone nini kuhusu pesa zako?

Kama unaishi Umoja, huenda uko kwenye makundi kadhaa ya WhatsApp: la chama, la kanisa, la ploti, la wazazi wa shule. Kila kundi lina admini wake na sheria zake, na hakuna mkubwa wa yote. Lakini watu ni walewale. Picha ya malipo iliyotumwa kwa chama saa mbili usiku yaweza kuwa kwa kundi la ploti saa tatu. Leo tujifunze nini cha kuonyesha, na nini cha kuchuja kabla hakijatoka.

Ujumbe mmoja husema mengi

Angalia ujumbe unaopata ukituma pesa. Una nambari ya muamala, kiasi, jina na nambari ya simu ya uliyemtumia, tarehe, saa, na salio lililobaki. Chama kilitaka kujua jambo moja tu: umelipa au bado?

Hayo mengine yanamfaa tapeli. Anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, anakusomea muamala wako neno kwa neno, kisha anaitisha PIN. Kwa sababu amesema ukweli mwanzoni, ni rahisi kumwamini mwishoni. Kumbuka: hakuna mfanyakazi wa kampuni ya malipo anayehitaji PIN yako. Kata simu.

Wengine walishaona haya

Kule Marekani, programu ya malipo ya Venmo ilikuwa ikionyesha malipo ya watu hadharani, mpaka mwenyewe abadilishe mpangilio. Mtafiti mmoja alikusanya malipo zaidi ya milioni 200 ya mwaka 2017. Kiasi hakikuonekana, lakini majina na maelezo yalitosha kujua nani anakula wapi na nani anapendana na nani. Mwaka 2021 waandishi wa habari waliipata hata akaunti ya Rais Joe Biden. Mwaka huohuo Venmo iliondoa ukurasa uliokuwa ukionyesha malipo kwa dunia nzima.

Kuna pia mitandao isiyo na mmiliki mmoja, kama Mastodon. Ina maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake, na zinapashana habari. Kabla ya kutuma, unachagua nani aone: kila mtu, wanaokufuata tu, au uliowataja. Ukifuta, seva yako huziomba nyingine zifute pia, lakini haiwezi kuzilazimisha. Makundi yetu ni vivyo hivyo. Unaweza kufuta ujumbe kwa wote, lakini huwezi kufuta skrinishoti iliyo kwa simu ya mtu. Kwa hivyo, kuchuja kunaanza kwako.

Fanyeni hivi kwa chama

Tuseme mko watu 15, kila mmoja anachanga Sh500 kila Jumatatu.

1. Usitume skrinishoti kwa kundi. Mweka hazina tayari anapata ujumbe pesa zikiingia.
2. Mweka hazina aweke orodha moja jioni: jina, kiasi, na herufi 4 za mwisho za nambari ya muamala. Kwa mfano: "Waliolipa 14, bado 1, jumla Sh7,000." Kila mtu atatambua malipo yake, na mgeni hataambulia kitu.
3. Aliyechelewa aulizwe inboksi. Sababu zake si za kundi zima.
4. Kama lazima utume picha, ikate kwanza. Ondoa salio na nambari ya simu.
5. Kila mwezi, admini aondoe waliotoka kwenye chama.
6. Nawe mpokeaji, chuja upande wako. Nyamazisha kundi lenye kelele, lakini usinyamazishe ujumbe wa malipo yako mwenyewe.

Usiri usiwe pazia

Kuna hatari upande wa pili. Mweka hazina akisema "hiyo ni siri" kila akiulizwa hesabu, chama kiko mashakani. Ya mtu binafsi yafichwe, ya chama yawe wazi kwa wanachama wote: jumla iliyoingia, iliyotoka, na salio la chama. Taarifa kamili ya akaunti ionwe na angalau watu 3, si mmoja, na kila mwanachama awe na haki ya kuomba kuiona mkutanoni.

Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inafuata wazo hili: zichukuliwe taarifa zinazohitajika kwa kazi husika, zisizidi hapo.

Kabla hujabonyeza tuma, jiulize: nani anahitaji kujua hili, na ninaongeza nini ambacho hakuna aliyeuliza? Wekeni orodha hii kwa ajenda ya mkutano ujao wa chama. Ni dakika kumi tu.