Kabla ya Kuingia Mbele ya Jopo

Kijana mwenye ualbino, mhitimu wa uhasibu, amemtembelea shangazi yake jijini Dodoma. Shangazi ni afisa utumishi mstaafu aliyekaa kwenye majopo mengi ya usaili. Yeye mwenyewe anatembea kwa magongo tangu alipougua polio utotoni.



SHANGAZI: Kaa upande huu wa kivuli, pale jua linakupiga usoni. Nimesikia umeomba kazi.

KIJANA: Nimeomba ya uhasibu, kwenye taasisi ya umma. Ila kule kwenye mfumo wa maombi, Ajira Portal, kuna mahali pa kuonyesha kama una ulemavu, nikapaacha. Niliogopa wasije wakanikata mapema.

SHANGAZI: Rudi ukapajaze. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza watu wenye ulemavu kuomba, na huwataka waonyeshe hali yao kwenye mfumo ili Sekretarieti iwe na taarifa. Wewe ukinyamaza utakuwa umeficha nini? Ualbino wataona ukishaingia tu mlangoni. Wasichokiona ni macho. Siku ya mchujo utapewa karatasi ya herufi ndogo kama wenzako, uketishwe dirishani, na msimamizi hatakuwa na la kukusaidia kwa sababu hakuna aliyemwambia.

KIJANA: Kwa hiyo niwaandikie?

SHANGAZI: Ukiitwa tu, waandikie. Barua fupi: “Nina uoni hafifu. Naomba karatasi ya mtihani yenye herufi za pointi 18, nafasi iliyo mbali na mwanga wa dirisha, na ruhusa ya kuingia na kioo changu cha kukuzia.” Basi. Usisimulie ulivyoteseka shuleni, hapo si mahali pake. Kama mtihani ni wa kompyuta, uliza mapema kama utaruhusiwa kutumia kikuza-skrini. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kinafunguka. Jizoeze nacho nyumbani, usije ukajifunzia kwenye chumba cha mtihani.

KIJANA: Hawatasema nataka upendeleo?

SHANGAZI: Atakayesema hivyo haijui sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 27 inahusu kazi na ajira, pamoja na marekebisho yanayomwezesha mtu kufanya kazi. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Herufi kubwa hazikupi jibu, zinakuwezesha kulisoma swali.

KIJANA: Na ile asilimia 3?

SHANGAZI: Imo kwenye sheria hiyohiyo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Wapo waajiri ambao hawajaifikia, na hilo tuendelee kulidai kupitia SHIVYAWATA, shirikisho letu watu wenye ulemavu, na vyama vyetu. Lakini usiingie nayo kwenye jopo. Pale kila msaili ana fomu mbele yake, anakupa alama kwa ulichojibu. Ukitumia dakika zako kumkumbusha sheria, ni dakika ambazo hukumwonyesha uhasibu.

KIJANA: Shangazi, kinachonitisha zaidi ni macho yenyewe. Hayatulii. Mtu mmoja aliwahi kuniambia nazungumza kama mwenye kuficha jambo.

SHANGAZI: Hilo nimeliona kwa macho yangu. Aliingia msichana mwenye ualbino, anajibu vizuri kabisa, na mwenzangu akaandika pembeni, “hajiamini, anakwepa kututazama.” Nikamweleza, akalifuta. Ningekuwa sipo je? Kwa hiyo sema mwanzoni kabisa, ukishaketi: “Macho yangu huchezacheza kwa sababu ya ualbino, ila nawafuatilia nyote.” Kisha geuza uso kule inakotoka sauti ya anayeuliza. Kofia ivue ukishaingia, lakini taa zikikuumiza omba kubaki nayo. Hakuna kosa hapo.

KIJANA: Wakiniuliza nitasomaje vocha?

SHANGAZI: Haya, mimi ndiye jopo. Utasomaje vocha?

KIJANA: Nitajitahidi sana, na Mungu akinijalia…

SHANGAZI: Hapana. Atakayejitahidi ni yule ambaye hajawahi kuifanya kazi. Wewe field ulifanyia wapi?

KIJANA: Halmashauri, idara ya fedha. Walinipa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

SHANGAZI: Ulisomaje?

KIJANA: Za kwenye kompyuta nilikuza Excel hadi asilimia 200. Za karatasi nilitumia kioo, nyingine nikazipiga picha kwa simu nikazikuza. Mwezi mmoja hesabu zilikataa kulingana, nikakuta hundi moja imeingizwa mara mbili kwenye daftari.

SHANGAZI: Nani aliiona?

KIJANA: Mimi. Msimamizi alikuwa ameshaipitia.

SHANGAZI: Na jambo hilo ulikuwa umelikalia kimya! Ndilo jibu lako. Hundi iliyoingia mara mbili inamweleza msaili mengi kuliko barua kumi za daktari. Ila ukitaja kupiga picha nyaraka za ofisi, sema kama ulipewa ruhusa na kwamba ulizifuta. Akiwemo mkaguzi wa hesabu kwenye jopo, atakubana hapo.

KIJANA: Niliruhusiwa. Na wakiuliza mambo ya nyumbani, nani ananipikia, kama nitaweza kuoa?

SHANGAZI: Wapo wanaouliza, na ni makosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, hata kwa mwombaji. Wewe usigombane. “Nyumbani sina jambo linalozuia kazi. Kuhusu majukumu ya nafasi hii…” kisha uwarudishe kwenye hesabu. Ukitoka, liandike swali hilo na tarehe. Ukija kulalamika, uwe na kumbukumbu.

KIJANA: Nina rafiki kiziwi, naye ameomba. Anataka dada yake ndiye amtafsirie.

SHANGAZI: Mwambie asifanye hivyo. Dada ataongeza maneno yake kwa mapenzi, na jopo litaishia kuzungumza na dada. Aombe mkalimani wa lugha ya alama kwa maandishi. CHAVITA, chama cha viziwi, watamwelekeza. Mkalimani akae upande wa jopo ili rafiki yako amwone yeye pamoja na wasaili, na wasaili waelekeze maswali kwa mwombaji mwenyewe.

KIJANA: Nimeelewa. Jioni nitafanya mazoezi.

SHANGAZI: Fanya na mtu asiyekupenda sana, sisi tutakusifu tu. Na vyeti weka tayari vyote halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Nauli na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba. Nenda siku moja kabla ukakione chumba: ngazi ziko wapi, namba za milango unaziona au huzioni. Mimi kwa magongo haya sijawahi kuingia mahali pa usaili bila kupakagua kwanza.



Sasa fungua simu ujaze ile sehemu uliyoiacha. Majina ya walioitwa yakishatoka mtandaoni, siku za kujiandaa huwa chache.