Fizikia: Geti la Reli Linalojifunga Lenyewe

Mada hii inaunganisha sura mbili ambazo watahiniwa wengi huzisoma kama hazijuani: sumakuumeme na mwendo katika mstari mnyoofu. Swali likitoka hapa huwa na sehemu ya maelezo na sehemu ya hesabu, na wengi hupoteza alama kwa sababu wamejiandaa kwa sehemu moja tu.

Anza na umeme. Treni inajulikanaje kwamba inakaribia, wakati hakuna mtu anayeitazama? Kipande cha reli kilicho kabla ya kivuko hutengwa na vipande jirani kwa vihami. Mwisho mmoja wa kipande hicho, betri ya volti ndogo huunganishwa kwenye reli zote mbili. Mwisho wa pili kuna koili ya relei. Treni isipokuwepo, mkondo hupita reli ya kwanza, huingia kwenye koili na kurudi kwa reli ya pili. Koili huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, na geti hubaki juu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli mbili kwa ukinzani mdogo mno. Mkondo hufuata njia hiyo fupi, yaani kile ambacho mafundi wetu wa mtaani hukiita shoti. Koili hupoteza usumaku, chuma huachia, taa nyekundu na kengele huanza, kisha geti hushuka. William Robinson alipata hataza ya saketi ya namna hii nchini Marekani mwaka 1872, na wazo lake bado linatumika.

Sasa swali ambalo mtahini hulipenda: kwa nini treni inazima relei badala ya kuiwasha? Usijibu "kwa usalama" ukaishia hapo. Jibu hilo halina alama. Fikiria waya umekatika au betri imekwisha. Katika mpango wa kuwasha, relei isingefanya kazi, geti lingebaki juu na treni ingepita. Katika mpango wa kuzima, hitilafu hiyo hiyo huleta matokeo sawa na treni: geti hushuka. Madereva watasubiri bure na kulalamika, lakini watakuwa hai. Andika sababu hiyo kwa ukamilifu.

Tuje kwenye mwendo. Tutumie tukio la kweli, kwa kuwa namba zake zinafundisha kuliko za kubuni. Tarehe 6 Januari 1968, katika kivuko cha Hixon, Uingereza, lori la kubeba mizigo mizito lilikuwa likivusha transfoma ya tani 120. Msafara huo ulikuwa na urefu wa mita 45 hivi, na ulipita kivukoni kwa mwendo wa kama kilomita 3.2 kwa saa, mzigo ukichungwa usiguse nyaya za umeme za treni zilizokuwa juu. Geti lilikuwa la nusu barabara: linafunga upande wa kuingilia tu, ili gari lililokwisha kuingia lipate pa kutokea. Toka taa kuwaka hadi treni kufika zilikuwa sekunde 24.

Badili kizio kwanza: 3.2 ÷ 3.6 = 0.89 m/s. Muda wa kupitisha urefu wa lori peke yake, bila hata kuhesabu upana wa kivuko, ni 45 ÷ 0.89 = sekunde 51 hivi. Zilizokuwepo ni 24. Treni ya abiria iliyotoka Manchester kwenda London ililigonga lori hilo. Watu 11 walikufa na 45 walijeruhiwa.

Pale kivukoni palikuwa na simu ya kuongea na mwongoza treni. Haikupigwa, ingawa msafara ulisindikizwa na polisi. Uchunguzi uliofuata ulisababisha mabango mapya, yanayomwamuru dereva wa gari kubwa au la mwendo mdogo asimame na kupiga simu kabla ya kuvuka.

Unaweza kuuliza: dereva wa treni asingeshika breki? Chukua treni ya 120 km/h, yaani 33.3 m/s, na upungufu wa mwendo wa 0.7 m/s². Kwa v² = u² − 2as, itasimama baada ya mita 792 hivi. Tuseme dereva ameona kizuizi kikiwa mita 400 mbele. v² = 1109 − 560 = 549, hivyo v = 23.4 m/s, au 84 km/h. Angalia mtego uliopo: nusu ya umbali wa kusimama imetumika, lakini mwendo haukupungua kwa nusu. Mwenye kuandika 60 km/h amesahau kwamba v imeinuliwa kwa kipeo cha pili.

Basi kwa nini onyo lisiwe la dakika mbili? Kwa sababu dereva asiyeona treni huchoka kusubiri, na geti la nusu barabara linaweza kuzungukwa. Muda mrefu unamlinda mwenye lori refu na kumjaribu mwenye gari dogo. Ndiyo maana taa zikiendelea kuwaka baada ya treni kupita, huondoki: treni ya pili inakuja. Ndiyo maana pia huingii kivukoni kabla ya kuona nafasi ya kutokea upande wa pili. Gari likizimika juu ya reli, watu hutoka kwanza, simu inafuata, na gari ni la mwisho.

Zoezi. Trekta na tela lake lina urefu wa mita 18. Linavuka kivuko chenye upana wa mita 10 kwa mwendo wa 5 km/h. Taa zinawaka mara tu gurudumu la mbele linapoingia, na treni itafika baada ya sekunde 24. (a) Tafuta muda wa kuvuka kabisa. (b) Trekta linabakiwa na sekunde ngapi? (c) Kwa kutumia jibu la (b), eleza kwa nini dereva huyu bado anapaswa kupiga simu kabla ya kuvuka. Dokezo la (c): hesabu yako imechukulia kwamba mwendo haubadiliki.