Kutarizi majani kwa mkono: mshono upi kwa jani lipi

Seti ya vitambaa vya viti ikiwa mpya, majani yake hung'aa. Ikishafuliwa mara mbili tatu ndipo kazi hujulikana. Uzi umevutwa, jani limelegea, na katikati yake kitambaa kinaonekana. Mnunuzi wa namna hiyo harudi, na majirani zake nao husikia. Mara nyingi lawama hutupiwa uzi au sabuni, ilhali mshonaji alitumia mshono mmoja kwa majani yote, makubwa na madogo, bila kufikiria kitambaa kitatumika wapi.

Somo hili linawahusu wakazi wanaotarizi nyumbani, vikundi vya akina mama na wanafunzi wa ushonaji. Linatumia majani matatu ya miti inayojulikana: mwembe, mwarobaini na mpapai.

Kwanza ni matayarisho. Pamba mpya hupungua ikilowa, kwa hivyo kitambaa hufuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuchorwa. Uzi wa kutarizi huwa na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, nazo hutenganishwa. Kwa majani, mbili au tatu zinatosha. Urefu unaofaa ni kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. Anayekata uzi mrefu zaidi ili asitunge sindano mara kwa mara huishia kufungua mafundo. Uzi wa kijani kibichi au mwekundu hujaribiwa kwanza: kipande hulowanishwa, huwekwa kati ya tabaka mbili za kitambaa cheupe, kisha hupigwa pasi ya moto. Ukiacha rangi, usitumike kwenye kitambaa cheupe.

Jani la mwembe ni refu, jembamba, na mshipa wake wa kati unaonekana wazi. Huwekwa juu ya kitambaa, likachorwa pembeni kwa penseli, na mshipa wa kati ukachorwa pia. Mshono unaolifaa ni ule unaofanana na mifupa ya samaki. Mshonaji huanza kwenye ncha kwa kushona mstari mmoja ulionyooka juu ya mshipa, wa kama sentimita 1. Kisha sindano hutokea ukingo wa kushoto, karibu kabisa na ncha, na kuingia chini ya mwisho wa mstari ule, ikivuka mshipa kidogo tu kwenda kulia. Halafu hutokea ukingo wa kulia na kuingia ikivuka mshipa kidogo kwenda kushoto. Hivyo hivyo, kushoto na kulia, hadi kwenye kikonyo. Pale nyuzi zinapopishana, mshipa hujitokeza wenyewe.

Wanaoanza hukosea mahali pamoja: mstari wa kwanza wanaufanya mfupi mno. Ukiwa mfupi, nyuzi zinazofuata hulala kama ngazi badala ya kuinama kuelekea ncha, na jani huonekana kama kiwavi. Dawa ni kufumua na kuanza upya. Hakuna namna ya kulirekebisha katikati. Kwa kuwa nyuzi hupishana, mshono huu hushikilia vizuri, na ndio bora kwa foronya na vitambaa vinavyofuliwa kila wiki.

Mshono wa kujaza, ambapo uzi hupita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila nafasi, ndio unaong'aa kuliko yote. Ndio pia unaoharibika haraka. Uzi unaopita juu ya kitambaa kwa zaidi ya sentimita 1 hunaswa na kucha, pete au zipu. Jani pana ligawanywe mara mbili kwenye mshipa, kila nusu ijazwe peke yake. Kabla ya kujaza, mstari wa kurudi nyuma ushonwe juu ya alama ya penseli. Ukingo utakuwa laini na penseli haitaonekana.

Mwarobaini una vijani vingi vidogo kwenye kikonyo kimoja. Kujaza kila kimoja ni kujitesa. Hapa hutumiwa kitanzi kimoja cha mnyororo: sindano hutoka chini ya kijani na kurudi palepale ilipotoka, hutokea kwenye ncha uzi ukiwa umepita chini yake, kisha kitanzi hufungwa kwa mshono mfupi. Kikonyo chenyewe hushonwa kwa mishono midogo inayoegemeana, kila mmoja ukianzia katikati ya uliotangulia, uzi ukibaki upande uleule.

Jani la mpapai ni kubwa na lina vidole. Lisijazwe. Ukingo wake ushonwe kwa mnyororo, na mishipa kwa mshono wenye umbo la V, wenye mkia mfupi unaoufunga katikati. Herufi hizo zikipangwa moja chini ya nyingine, mkia wa moja hufikia kati ya inayofuata na kuwa mshipa mkuu.

Kuhusu rangi, kijani kimoja hufanya majani yaonekane kama yamepigwa muhuri. Majani machanga ya mwembe hutoka na wekundu wa kahawia. Mawili matatu ya rangi hiyo kwenye tawi yanatosha.

Chaguo la mshono ni suala la bei pia. Ikiwa jani moja la kujaza linachukua dakika 20, seti yenye majani 36 ni saa 12 za kazi. Vitanzi vya dakika 2 kila kimoja, kwa idadi hiyohiyo, ni saa 1 na dakika 12. Mshonaji anayeuza seti hizo mbili kwa bei moja anajipunja, hata kama wateja wanamsifu.

Upande wa nyuma, uzi humalizwa kwa kupitishwa chini ya mishono iliyopo, si kwa fundo, maana fundo hufunguka au huonekana pasi ikipita. Kazi ikiisha hulazwa juu ya taulo, uso ukiangalia chini, na kupigwa pasi nyuma.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani chini ya serikali za kaunti. Mkazi anayetaka kujifunza ushonaji anaweza kuulizia nafasi katika chuo kilicho karibu naye au katika ofisi ya msimamizi wa wadi.