Ukolezi wa Mmumunyo: Mahali Alama Zinapopotea

Mtahiniwa, kanuni unaijua: molariti ni idadi ya moli za kitu kilichoyeyushwa katika desimita 1 ya ujazo (dm³) ya mmumunyo. Katika titresheni wengi hawaangushwi na kanuni hiyo. Wanaangushwa na namba 2 iliyo katika mlinganyo.

Chukua mfano huu. Mmumunyo B una gramu 5.3 za sodiamu kaboneti isiyo na maji katika dm³ 1. Ulipima cm³ 25 za B kwa pipeti, ukatia matone mawili ya methili oranji, kisha ukadondosha asidi hidrokloriki (mmumunyo A) kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya njano ikawa ya chungwa. Ujazo wa A uliotumika: wa kujaribia cm³ 20.60, halafu 20.00, 20.10 na 19.90. Tafuta molariti ya A.

Wastani = (20.00 + 20.10 + 19.90) ÷ 3 = 20.00 cm³

Ule wa kujaribia usiuingize kabisa. Ulikuwa wa kukuonyesha njia tu.

Molariti ya B = 5.3 ÷ 106 = 0.05 M
Moli za B = 0.05 × 25 ÷ 1000 = 0.00125

Hapo simama, andika mlinganyo uliosawazishwa:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli 1 ya kaboneti inamaliza moli 2 za asidi. Kwa hiyo:

Moli za A = 0.00125 × 2 = 0.0025
Molariti ya A = 0.0025 × 1000 ÷ 20 = 0.125 M
Kwa gramu: 0.125 × 36.5 = 4.56 g/dm³

Aliyeruka mlinganyo anapata 0.0625 M, nusu kamili ya jibu, na hashtuki, maana namba yenyewe inaonekana safi. Ninaposahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi.

Wala usikariri kwamba moli za asidi huzidishwa kwa 2 siku zote. Jaribu hili mwenyewe: cm³ 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.2 M zilihitaji cm³ 20 za asidi salfuriki.

2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O

Ukipata 0.125 M, yaani 12.25 g/dm³, uko sawa. Ukipata 0.25 M, umesahau uwiano. Ukipata 0.5 M, umezidisha pale ulipotakiwa kugawanya.