Sitiari na Kiinimacho katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Makala haya yanadai kuwa picha nyeusi na nyeupe hufuata kanuni ya sitiari: huondoa tofauti ili mfanano ujitokeze. Katika soko la Mukuyuni, Makueni, embe bivu na embe bichi hutambulikana kwa rangi. Rangi ikiondolewa, yote mawili huweza kuonekana ya kijivu kimoja, mnunuzi asijue la kuchagua. Vilevile, ndoo iliyo karibu na lenzi hulishinda kwa ukubwa lori lililo mbali, kwa kuwa karatasi haina kina.

Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyefungua studio yake katika miaka ya 1960, aliitumia kanuni hii kwa makusudi. Aliunganisha picha kadhaa kuwa moja, akazaa mandhari yasiyopatikana duniani. Je, aliyeiagiza picha hiyo alidanganywa? La hasha. Msikilizaji wa utenzi naye hujua kuwa shujaa aitwaye simba hana mkia.

Kwa hiyo, kiinimacho hugeuka udanganyifu pale tu mtazamaji anapofichwa kilichoondolewa.