AFYA YETU: Ufukweni Wakati wa Masika

Masika yanapoanza, kati ya Machi na Mei, watalii wengi huondoka kisiwani Unguja. Nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi hubaki na nafasi, na bei hushuka. Ndipo baadhi ya familia zetu za bara hupata nafasi ya kwenda kuiona bahari. Ni jambo jema. Lakini tukumbuke: watu wakipungua ufukweni, macho ya kuwaangalia watoto nayo hupungua.

Hili tulijifunza wenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, tulikwenda Paje na watoto watano. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali sana. Watoto wakaenda kuokota kombe, nasi wazazi tukakaa kivulini tukizungumza. Aliyetushtua ni mama mmoja mkulima wa mwani, aliyekuwa akirudi na gunia lake kichwani. "Waiteni watoto, maji yanajaa!" Tulipowafikia, njia waliyopitia ilikuwa imekwisha kufunikwa, na maji yalimfika kiunoni yule mdogo. Hakuna aliyedhurika, lakini hofu ile hatujaisahau.

KWA NINI MAJI HUTUDANGANYA?

Bahari yetu hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, takriban saa 6 kila safari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kina huweza kubadilika kwa karibu mita 4. Maji hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mabonde ya mchanga, hata yale yaliyo nyuma yenu.

TUFANYE NINI?

1. Tumwulize mwenyeji saa ya maji kujaa. Akina mama wa mwani wakianza kurudi pwani, nasi turudi.

2. Tumteue mtu mzima mmoja awaangalie watoto majini, kwa zamu. Asinywe pombe wala asishike simu. Mtoto mdogo awe karibu naye kiasi cha kufikiwa kwa mkono.

3. Mtoto akizama na hapumui, tusimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Alazwe chali, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi 5 mdomoni. Kisha kifua kikandamizwe katikati mara 30, zifuatiwe na pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwingine akitafuta msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

4. Kuanzia Aprili upepo wa kusi huingia na bahari huchafuka. Tusipande chombo kilichojaa kupita kiasi. Tusisahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wala MV Skagit iliyozama Julai 2012 katika upepo mkali. Kukawia siku moja si hasara.

5. Mvua huingiza uchafu visimani na baharini. Tunywe maji yaliyochemshwa, wala tusioge baharini karibu na mifereji. Mtu akiharisha, apewe maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Asipopata nafuu, aende kituo cha afya.

6. Malaria imepungua sana Unguja, lakini haijakwisha. Tulale ndani ya chandarua. Homa ikitokea huko au wiki chache baada ya kurudi, tupime damu kwanza, tusimeze dawa kwa kubahatisha.

Yule mama wa mwani hakutujua, wala hatukumwuliza jina. Aliona watoto, akapaza sauti. Nasi tukiwa ufukweni, tuwaangalie watoto wa wenzetu kama wetu.